Shamba dogo la mboga: ni nani wanaolibeba, na kila mmoja anapenda nini hasa?

#1 Mshika Daftari (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimesoma humu nyuzi nyingi kuhusu mbegu, samadi, viwavi na umwagiliaji wa matone, nami nimefaidika nazo sana, lakini sijaona uzi unaowazungumzia watu wenyewe: ni nani wanaoamka kabla ya mapambazuko kwa ajili ya shamba lisilozidi nusu hekta, wanapenda nini ndani yake, na mapenzi hayo yanafanya nini yanapokutana kwenye tuta moja. Naomba tulizungumze hilo, na nitaanza na sisi.

Tuko watatu. Dada yangu mkubwa ndiye mwenye udongo. Akifika shambani haangalii majani. Huchota udongo, huuminya kiganjani, huunusa, kisha ndipo anaposalimia watu. Ana kipimajoto kirefu cha kuchomeka kwenye lundo la mboji, na hakubali mboji itoke kabla lundo halijakaa siku kadhaa kwenye nyuzi 55 hadi 65, kwa kuwa bila joto hilo mbegu nyingi za magugu hubaki hai na kurudi matutani. Rafiki yetu wa tangu utotoni ndiye mwenye kitalu. Yeye husia, huatika, huhesabu vichipukizi, na huzungumza na miche kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwetu. Mimi ndiye mwenye daftari: siku ya kupanda, uzito wa mavuno, aliyenunua, aliyelipa, aliyelalamika.

Kwa miaka minane niliamini kwamba sisi watatu tuna mapenzi mamoja, nayo ni kulima mboga. Msimu huu nimetambua kuwa ni mapenzi matatu yaliyo mbalimbali, na yote yanagombea saa zilezile za asubuhi.

Kisa chenyewe ni saladi. Katika msimu mmoja niliandika malalamiko kumi na saba kwamba saladi zetu, ambazo zinaondoka shambani zikiwa zimesimama vizuri, zinalegea na kunyauka siku ya pili. Dada aliposikia alisema udongo wa tuta la tisa umechoka, akataka tulipumzishe kwa mimea jamii ya kunde ambayo mizizi yake, ikishirikiana na bakteria, hunasa naitrojeni ya hewani, kisha mimea hiyo ifukiwe. Rafiki yetu alisema aina ya mbegu ndiyo mbaya, akasia aina kumi na nne za saladi kwa mpigo. Mimi nilisema wateja hawajui kuzitunza, nikachapisha karatasi ya maelekezo na kuitia katika kila mfuko. Msimu umekwisha, kila mmoja ametumia dawa yake, na saladi bado zinanyauka.

Hatukugombana kwa kelele. Tulifanya jambo ambalo nadhani ni baya zaidi: kila mmoja alijifungia katika eneo lake, na siku hizi tunapokezana funguo za banda kama watu wa zamu. Kwa hiyo siombi ushauri wa saladi. Nauliza: katika mashamba yenu ni nani waliopo, kila mmoja anapenda kitu gani, na kile kisichopendwa na mtu yeyote kinafanywa na nani?

#2 Palizi ya Tatu

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa mada, ingawa sikubaliani nawe tangu mwanzo. Mimi nalima peke yangu, katika eneo dogo kuliko lenu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Sidhani kama kinachoniamsha kinaweza kuitwa mapenzi. Mapenzi huja na kuondoka, na palizi haingoji yarudi.

Nitoe mfano wa karoti, maana karoti humjaribu mtu kuliko zao lolote ninalolijua. Mbegu yake huchukua wiki moja hadi tatu kuchomoza, na magugu huchomoza mapema zaidi, hivyo mkulima anayesubiri aione karoti ndipo apalilie amekwisha kushindwa. Palizi yangu ya kwanza naifanya siku chache tu baada ya kusia, kabla hakijaonekana chochote, wakati magugu yakiwa bado nyuzi nyeupe chini ya uso wa udongo. Napitisha reki nyepesi juujuu, pasipo kufika kwenye mbegu, katika siku kavu yenye jua, ili nyuzi zile zife palepale zilipo. Jirani alinikuta siku moja nikifanya hivyo na akauliza ninapalilia nini, kwa kuwa tuta lilikuwa tupu. Nilishindwa kumjibu kwa namna ambayo ingemridhisha. Ukiikosa siku hiyo, baada ya wiki mbili utakuwa umepiga magoti, unachambua jani moja moja, na kila gugu unaloling'oa linaondoka na karoti yake.

Sasa, ninachokipata katika kazi hiyo ni utulivu fulani na mlio wa chuma kikipita kwenye udongo. Kama hayo nayo mnayahesabu kuwa mapenzi, basi sina ubishi. Lakini sijawahi kuona mtu akiyapiga picha.

Nikiri pia upande wa pili. Anayelima peke yake hagombani na mtu, lakini kila anachokichukia kinabaki palepale kikimtazama. Mimi nachukia kuuza. Kulikuwa na msimu ambao nyanya ziliiva kwa wingi usio wa kawaida, nami badala ya kuwatafuta wanunuzi niliendelea kupalilia matuta ambayo yalikuwa safi tayari, hadi nyanya zikaanza kuoza kwenye kreti. Nilijua kabisa ninachokikimbia. Wewe mwenye daftari ungeniokoa, na huenda ungenikera.

#3 Kumbukumbu za Bustani

Naomba kuchangia kwa upande wa historia, kwa kuwa swali la mleta uzi lina umri mkubwa.

Katika karne ya 19 wakulima wa mboga wa Paris, walioitwa *maraîchers*, walilima viwanja ambavyo kwa kawaida havikuwa vikubwa, vingi vikiwa hekta moja au chini ya hapo, na kutoka tuta lilelile walivuna mazao kadhaa kwa mwaka mmoja. Nguvu yao ilitoka kwa farasi. Jiji lilikuwa limejaa farasi, na samadi yao mbichi ilitandazwa kwa unene chini ya matuta, nayo ilipokuwa ikioza ilitoa joto. Juu ya matuta ziliwekwa fremu za vioo pamoja na vifuniko vya kioo vyenye umbo la kengele, na saladi zikakua katika majira ya baridi. Magari yalipochukua nafasi ya farasi samadi iliadimika, jiji nalo likapanuka juu ya viwanja hivyo.

Habari hii husimuliwa kila mara kama habari ya mbinu, na ni kweli mbinu yenyewe inashangaza. Lakini hebu fikirini jambo moja dogo. Kila kengele ya kioo ilipaswa kuinuliwa kidogo jua likipanda, ili mmea usiungue, na kushushwa jioni kabla baridi haijaingia, na shamba moja lingeweza kuwa nazo mamia kwa mamia. Kuna mtu aliyeinama mbele ya kila moja, mara mbili kwa siku, majira yote ya baridi. Huyo ndiye ambaye mleta uzi anamuulizia, na jina lake halikuandikwa popote.

Wale tunaowajua kwa majina nao walivutwa na mambo ambayo huenda msiyategemee. Eliot Coleman, mkulima wa mboga aliyenunua ardhi Maine, Marekani, mwaka 1968 kutoka kwa Helen na Scott Nearing, mume na mke walioandika vitabu kuhusu maisha ya kujitegemea shambani, alikuwa mtu wa kupanda milima na kuteleza kwenye theluji, na ardhi aliyoipata ilikuwa msitu wenye udongo duni na wenye asidi. Nionavyo mimi, aliiendea kama alivyoiendea milima. Alan Chadwick, Mwingereza aliyeanzisha bustani ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz mwaka 1967, alikuwa mwigizaji wa jukwaani, alipenda maua na uzuri, na alijulikana kwa hasira zake kama alivyojulikana kwa bustani yake. Sijui kama ningeweza kufanya kazi chini yake hata wiki moja.

Kwa upande wa mleta uzi, ambaye anaishi na mapenzi matatu, napenda zaidi mfano wa Jean-Martin Fortier na Maude-Hélène Desroches, waliolianzisha shamba lao Saint-Armand, Quebec, nchini Kanada, mwaka 2004, kwenye eneo la takriban hekta 0.6. Wao waliamua kwamba matuta yote yawe na kipimo kimoja, upana wa sentimita 75 na urefu wa mita 30. Kwa nje ni uamuzi wa kitaalamu tu: turubai moja inafunika tuta lolote, mpira mmoja wa matone unatosha popote. Nadhani, hata hivyo, una faida nyingine kwa watu wanaoishi na kufanya kazi pamoja, kwamba matuta yakishalingana, ubishi mdogo mdogo wa kila asubuhi unapungua kwa kiasi kikubwa.

#4 Kreti Tupu

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi sina shamba. Nimefanya kibarua katika mashamba ya mboga manne, na nimesoma uzi huu hadi hapa bila kumwona mtu kama mimi, isipokuwa yule wa kengele za kioo, naye alikuwa Ufaransa.

Nasema kwa heshima: wenye shamba wana mapenzi, na sisi tuna migongo. Mwenye mapenzi ya udongo anataka udongo usikanyagwe, kwa hiyo mimi navuna nikiwa nimejinyoosha kutoka kwenye njia. Mwenye mapenzi ya aina mpya za mbegu anataka kila aina ivunwe kwa kreti yake na iwekewe kibao chake. Mwenye daftari anataka kila fungu lipimwe. Kila ombi, likisimama peke yake, ni la haki kabisa. Lakini yote yanatua juu ya mtu mmoja kabla jua halijawaka, na huyo mtu hakuwapo wakati maombi yalipokuwa yakipangwa.

Msidhani kwamba sipendi chochote. Napenda kufunga mafungu. Mkono wangu unajua uzito wa fungu la karoti, na nikipimishwa kumi mfululizo tofauti yake haizidi uzito wa karoti moja. Napenda pia kuona kreti zimepangwa, zimejaa, hazijapitiliza ukingo, na majani yote yameelekea upande mmoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda hivyo.

Katika shamba la pili nililofanyia kazi, kulikuwa na tuta ambalo miche yake ilikufa kila ilipopandwa. Mwenye shamba alibadilisha mbolea, akabadilisha mbegu, akaleta mtu wa kupima udongo. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua maji, na nilijua kwamba kiungio cha mpira kilikuwa kinavuja upande ule usiku kucha, hivyo mizizi ililala majini. Nilidhani wanajua. Nilikaa nalo miezi mitatu, kwa sababu kibarua anayemweleza mwenye shamba kuhusu shamba lake huweza kuonekana amevuka mpaka.

Kwa hiyo namuuliza mleta uzi swali dogo. Umesema mko watatu. Hizo saladi zinaoshwa na nani?

#5 Mshika Daftari

Ndugu Kreti Tupu, marahaba, na swali lako limeninyima usingizi.

Tuko wanne. Yupo mama mmoja anayeosha na kufungasha, naye yuko nasi kwa mwaka wa sita. Nilipoanza kuandika uzi huu nilihesabu wenye shamba, na kichwani mwangu nilikuwa nimehesabu watu wote. Katika daftari langu yumo, lakini katika ukurasa wa matumizi, kati ya mifuko na mafuta ya pampu. Sina la kujitetea.

Kesho ni siku ya mavuno. Nitafika mapema na nitakaa bandani badala ya kukaa na daftari.

#6 Mlaji Tu

Nami niongeze upande ambao haujaguswa, kwa kuwa mimi si mkulima bali ni mmoja wa watu wanaolipia mboga kabla hazijapandwa na kupokea kikapu kila wiki. Wengi wetu tunapenda wazo la shamba kuliko tunavyolipenda shamba lenyewe, na tofauti hiyo inaonekana wiki ya nne mfululizo ya kabichi.

Mpango wa namna hii ulishika mizizi nchini Japani katika miaka ya 1970 kwa jina la *teikei*, na nchini Marekani mashamba mawili ya kwanza, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza kugawa mavuno ya msimu kwa wanachama mwaka 1986. Husimuliwa kama habari ya upendo kati ya mlimaji na mlaji. Ninachokipenda mimi ni kisa cha Yoshinori Kaneko, aliyelima bila kemikali huko Ogawa, mkoani Saitama, tangu mwaka 1971. Mwaka 1975 aliingia makubaliano ya kuzilisha kaya 10 kwa malipo maalumu, na makubaliano hayo yalivunjika baada ya miaka kama miwili, kwa mivutano kuhusu kiasi cha mboga na haki ya malipo. Kilichofuata ndicho kinachonivutia: aliacha kutaja malipo. Alipeleka mazao kama zawadi, na kila kaya ikajiamulia yenyewe itoe shukrani ya kiasi gani, na kwa mpango huo aliendelea kulima kwa miongo kadhaa.

Sisemi kila mtu aige hivyo, maana mwenye daftari atazimia. Nasema tu kwamba mapenzi ya mlaji nayo yana tabia yake. Nikiandikiwa mkataba nahesabu majani. Nikipewa, naona aibu kuhesabu. Na kuhusu ile karatasi yako ya maelekezo, mleta uzi, naomba uniwie radhi: mimi ningekasirika. Saladi iliyofika ikiwa imechoka haifufuliwi na karatasi.

#7 Miche Haidanganyi

Nimeonyeshwa uzi huu na mtu, na sikuhitaji kusoma zaidi ya aya ya pili kumjua mwandishi, kwa kuwa kitalu anachokizungumzia ni changu. Ndugu yangu, ungeweza kuniuliza tukiwa tunapokezana funguo.

Naomba nijieleze mbele ya wanajukwaa, kwa maana nimeonekana kama mtu anayecheza na mbegu. Mbegu ya saladi ina ukaidi wake: udongo ukipata joto la kuzidi nyuzi 30 hivi, mbegu nyingi hulala na kukataa kuota hata zikimwagiliwa mchana kutwa, ndiyo sababu mimi huzisia jioni na kuyaweka masinia kivulini, mahali pa baridi kuliko pote shambani. Zikiota, adui ni kinyausi, ambacho huushika mche shingoni, pale shina linapokutana na udongo, na mche uliosimama asubuhi unakutwa umelala jioni. Hakikutibiki baada ya kuonekana. Kinazuiwa kwa kutobananisha miche, kwa hewa na kwa kumwagilia asubuhi badala ya usiku. Baada ya hapo kuna kuikomaza, siku saba hadi kumi za kuizoesha jua na upepo na kuipunguzia maji kidogo kidogo, kabla haijaenda shambani. Mtu aliyeipitisha miche mia tano katika mambo hayo yote, kisha akaambiwa kwamba saladi zinanyauka, atafikiri nini? Atafikiri kwamba mbegu imemsaliti. Ndipo nikasia aina kumi na nne, na sioni aibu.

Kinachoniuma ni kingine. Mche ukitoka kitaluni siuoni tena. Dada anaupokea na kuupandikiza kwa namna yake, kina chake, nafasi zake. Kisha wewe unaupima kwa kilo. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu aliniletea habari ya mche mmoja akaniambia, "huu ulikuwa wako, tazama ulivyokuwa." Hasira ninayoonekana nayo ni hiyo.

#8 Palizi ya Tatu

Nafuta maneno yangu kwamba mnaolima pamoja mna nafuu. Mleta uzi, tunasubiri habari za bandani.

#9 Mshika Daftari

Ndugu wanajukwaa, nimerudi, na nitaeleza nilivyoona kwa utaratibu, kwa kuwa nimeona aibu ya kutosha na ninataka angalau iandikwe sawasawa.

Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikamsalimia mama, nikakaa juu ya kreti. Dada alikwisha kuanza kuvuna, na alianza na karoti. Hii ndiyo desturi yake tangu mwanzo, nami sikuwahi kuifikiria: anapenda kung'oa karoti udongo ukiwa bado na umande, kwa sababu hapo ndipo unapomwonyesha ulivyo, anautazama unavyoachia mizizi, unavyomeguka, unavyonuka. Kwa hiyo kreti za kwanza kuingia bandani ni za karoti, zenye matope. Mama akaziosha, na maji ya tangi yakawa mekundu. Tangi letu ni moja, pampu ni dhaifu, na kulijaza upya kunachukua karibu saa nzima, kwa hiyo hulimwaga mara moja tu kwa siku, mwishoni. Saladi zilikatwa baada ya karoti, jua likiwa limekwisha kupanda. Zilifika bandani zikiwa na joto ambalo nililihisi nilipoingiza mkono katikati ya kreti, zikangoja zamu nyuma ya karoti, kisha zikachovywa katika maji yaleyale ambayo kwa wakati huo yalikuwa ya vuguvugu na yenye matope.

Jani la saladi karibu lote ni maji, kiasi cha asilimia 95, na likikatwa halina tena mzizi wa kurudisha kinachopotea. Linatakiwa likatwe kungali na ubaridi na litolewe joto la shambani upesi, katika maji safi ya baridi. Karoti ingeweza kungoja hadi mchana bila kulalamika. Haya yote nilikuwa nayajua, nimeyasoma, na nadhani nimewahi kumwelekeza mtu mwingine humu humu jukwaani.

Nikamuuliza mama anaonaje. Alinitazama kwanza kama mtu anayepima kama swali ni la kweli. Kisha akasema, "Majani yangeanza." Nikamuuliza tangu lini amekuwa akiona hivyo, akasema tangu mwaka wa kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba dada hufurahi sana na karoti zake asubuhi, na hakutaka kuwa mtu wa kumwondolea furaha hiyo.

Nilirudi kwenye daftari. Malalamiko ya kunyauka yako kumi na saba, kama nilivyosema. Lakini nina ukurasa mwingine niliouita "usafi", na humo kuna malalamiko kumi na mawili ya chembe za udongo katikati ya saladi, kwa tarehe ambazo karibu zote zinafanana na zile za kunyauka. Sikuwahi kuzilinganisha, kwa kuwa nilikuwa nimezipanga vizuri mno, kila jambo mahali pake.

Jioni tulikaa wanne, jambo ambalo hatujalifanya tangu shamba lianze. Dada alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwomba mama radhi, si sisi. Karoti zitavunwa mwisho. Amesema udongo atautazama jioni, na kwamba umande si wa asubuhi peke yake ukikaa vya kutosha. Mama ameomba tangi la pili, hata dogo, na brashi, na ameomba kwamba mtu anayebadilisha siku ya mavuno amwambie jana yake. Hayo matatu yameandikwa, na hayakuandikwa katika ukurasa wa matumizi.

#10 Kreti Tupu

Nashukuru kwa kuniandikia hadi mwisho, mkubwa wangu. Tangi la pili liwe juu kidogo kuliko la kwanza, kwa kimo cha kiuno cha mama mwenyewe, si cha fundi. Mpimeni kabla ya kujenga.

#11 Miche Haidanganyi

Na zile aina kumi na nne? Miche bado iko kitaluni, imekomaa, na haiwezi kunisubiri zaidi ya wiki moja.

#12 Mshika Daftari

Tuta la tisa. Dada amekubali, na mimi nimechonga vibao kumi na vinne. Njoo kesho saa kumi jioni uipandikize mwenyewe, naye atakuwapo.

#13 Miche Haidanganyi

Nitakuja. Ila kina cha kupandikiza ni changu.